Maili Kumi na Mbili za Wavuvi

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu, na nyinyi vijana mliokaa mkekani kwa kukosa viti, ahsanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie usalama wa bahari yetu na namna nchi jirani zinavyoweza kumaliza ugomvi wa mipaka. Wengine hapo mtakuwa mnangoja habari za manowari. Zitakuja, ila naomba tuanzie Moa nilikozaliwa, kijiji cha pwani ya Tanga karibu na mpaka wa Kenya.

Mwaka 1981 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Ami yangu alinichukua kutega jarife, na kusi lilikuwa kali. Usiku kamba ya nanga ikakatika, mkondo ukatubeba kaskazini, na kulipopambazuka tukajikuta mbele ya Vanga, Kenya. Ikaja boti ya doria. Nilimwona ami akitoa kopo la maziwa ya unga chini ya fundo la ngalawa. Ndani mlikuwa na leseni yake ya uvuvi, imekunjwa mara nne, imelowa pembeni. Askari akaikunjua juu ya goti lake, akaisoma taratibu, akasema, "Hii tunaitambua." Akatupa dumu la maji na kipande cha kamba. Tukarudi kwetu kwa kupiga kafi.

Kumbukeni mwaka ule. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika tangu 1977. Serikali zilikuwa zikigombania mali, ndege na mabehewa. Mpaka wa nchi kavu ulikuwa umefungwa, na haukufunguliwa hadi 1983. Mtu wa Tanga mwenye dada Mombasa hakuweza kupita Horohoro pale mpakani. Sasa askari yule alipata wapi neno "tunaitambua"?

Jibu nililipata ukubwani, nilipoanza kusoma sheria za bahari. Kati ya Desemba 17, 1975 na Julai 9, 1976, Tanzania na Kenya zilibadilishana hati za kuchora mpaka wa bahari kati yetu. Ni hati fupi, na sehemu kubwa ni nukta za ramani. Lakini mna kifungu kinachosema wavuvi wenyeji wa nchi zote mbili, wanaovua kwa ajili ya kujikimu, waruhusiwe kuvua ndani ya maili 12 za baharini kila upande wa mpaka, kwa kufuata kanuni zilizopo. Kinachofuata kinasema leseni, kanuni na desturi za uvuvi za kila nchi zitambuliwe na nchi ya pili. Kutambuliwa! Neno lile lile nililolisikia juu ya maji.

Nawaambia kwa moyo wangu wote, kifungu kile kimelinda amani ya bahari hii kuliko watu wanavyodhani. Jumuiya nzima ilikufa mwaka mmoja baada ya hati kukamilika, na mpaka ule ukabaki haugombewi. Juni 2009 nchi zetu mbili zikakaa tena, zikaurefusha mpaka hadi mbali baharini, bila hakimu na bila kelele. Mpaka uliomwachia mvuvi njia yake hauna wa kuuchukia. Wakojani, wavuvi wa kisiwa cha Kojani kule Pemba, wanaokwenda dago, yaani kuvua ugenini, msimu hadi msimu, wakapiga kambi Shimoni na Gazi, Kenya, hawana sababu ya kumwona askari kama adui.

Sasa twendeni kaskazini, kati ya Kenya na Somalia. Huko ndugu zetu Wabajuni wametandaa kutoka visiwa vya Lamu hadi Kismayu, lugha moja, koo zile zile. Mpaka wa nchi kavu unafika pwani karibu na Ras Kamboni, na haukuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya maji. Kenya ilisema mstari ukifika baharini uende moja kwa moja mashariki, kama ulivyofanywa kwetu. Somalia ikasema hapana, uendelee kuelekea kusini-mashariki, kwa umbali sawa kutoka pwani ya kila nchi. Kati ya mistari hiyo miwili pana pembetatu ya kilomita za mraba kama 100,000, yenye samaki na inayodhaniwa kuwa na mafuta na gesi.

Walijaribu kuzungumza. Mwaka 2014 wajumbe walikutana Nairobi mwezi Machi na tena Julai. Kikao cha tatu kikapangwa Mogadishu, Agosti 25 na 26. Wajumbe wa Kenya hawakwenda, na baadaye ikaelezwa kuwa sababu ilikuwa usalama. Agosti 28 Somalia ikafungua kesi Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague. Siku mbili baada ya kikao ambacho hakikufanyika! Mimi huwa naumia nikizitaja tarehe hizi. Kama Mogadishu palikuwa hatari, palikuwapo Djibouti, palikuwapo Addis Ababa. Hata Zanzibar ipo, tungewapikia pilau.

Kesi ikaenda miaka saba. Machi 2021 Kenya ikasusia kuhojiana mbele ya majaji. Oktoba 12, 2021 hukumu ikasomwa. Mahakama ilikataa hoja kwamba Somalia iliuridhia mstari wa Kenya kwa kukaa kimya, ikachora mstari wake katikati, ikausogeza kidogo kwa faida ya Kenya. Sehemu kubwa ikaenda Somalia. Kenya ilikuwa imetaja pia riziki ya wavuvi wake na hatari ya magaidi na maharamia, na majaji hawakuona kuwa hayo yanatosha kubadili mstari. Mkataba wetu wa 1976 nao ulitajwa, ukaonekana haumfungi asiyekuwamo. Kenya ikatangaza haiitambui hukumu.

Neno lile lile tena, safari hii likiwa kinyume.

Siwalaumu majaji. Walijibu walichoulizwa. Ila mvuvi wa Kiunga, upande wa Kenya karibu na mpaka huo, anayekwenda kutega mahali alipotega babu yake hana leo karatasi ya kumwonyesha askari wa upande wa pili. Na msiseme mahakama haziwezi kumkumbuka mvuvi. Eritrea na Yemen walipigana Desemba 1995 kwa ajili ya visiwa vya Hanish, kule Bahari ya Shamu. Wakakubali kwenda kwa waamuzi. Mwaka 1998 waamuzi wakaipa Yemen sehemu kubwa ya visiwa, lakini wakasema uvuvi wa jadi wa watu wa pande zote mbili uendelee. Mwaka uliofuata wakafafanua: mvuvi aingie bandari ya jirani, auze samaki wake bila kubaguliwa, aanike samaki, ajenge kibanda cha muda, atengeneze chombo chake. Nilipoyasoma hayo nikasema, hawa wameandika dago letu kwa lugha ya mahakama.

Tuje kwenye manowari sasa. Mwaka 2011 maharamia wa Kisomali walihesabiwa mashambulizi 237. Miaka miwili kabla ya hapo, Januari 29, 2009, nchi zetu zilikuwa zimekutana Djibouti zikakubaliana mwongozo wa kupambana nao, vituo vya kupeana habari vikawekwa Mombasa, Dar es Salaam na Sana'a. Mwaka 2017 kule Jeddah mwongozo ukapanuliwa kugusa silaha, dawa za kulevya, usafirishaji wa watu na uvuvi haramu. Kazi ile imezaa matunda, pamoja na meli za kivita za mataifa ya mbali. Lakini Desemba 2023 meli iitwayo Ruen ilitekwa, ikakaa mikononi mwa maharamia hadi jeshi la India lilipoikomboa Machi 2024. Ina maana ukiondoa jicho tu, wanarudi.

Na jicho la kwanza la bahari ni nani? Aprili 2014 manowari ya Australia ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi, si mbali na Mombasa. Jahazi! Chombo cha mbao ambacho kwenye rada ni nukta kama nukta nyingine. Mvuvi akikiona atajua mara moja kwamba tanga hilo si la huku, na kwamba chombo hakikai hivyo majini kama kimebeba samaki. Ila kule Lamu, baada ya watalii kutekwa Kiwayu na Manda mwaka 2011, wavuvi walizuiwa kwa miaka kuvua usiku. Naelewa hofu ya serikali. Naelewa pia kwamba usiku ule bahari ilibakia na wahalifu peke yao, na watoto wa Wabajuni wakalala bila kitoweo.

Kusini, ng'ambo ya Ruvuma, vita vya Cabo Delgado, Msumbiji, vilianza Oktoba 2017 Mocímboa da Praia, na Oktoba 2020 vikavuka hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Habari ile inahitaji siku yake.

Ombi langu ni moja. Mwaka 2026 hati yetu inatimiza miaka 50. Inasema "kujikimu". Mwaka 1976 kujikimu kulikuwa mshipi, dema na ngalawa. Leo kijana wa Moa ana mashine ya nguvu za farasi 15 na barafu, na anauza kwa tajiri wa Mombasa. Je, yumo ndani ya kifungu au ametoka? Kabla wanasheria hawajatujibia, wazee wa Moa, Jasini na Vanga wakae mchangani waseme wenyewe, na watakayosema yaandikwe.

Ami alifariki miaka mingi iliyopita. Kopo lake ninalo hapa, na leseni imo ndani. Nitaipitisha muione. Ishikeni taratibu, kwenye mikunjo imeshaanza kuchanika.