HiAce inamisi baada ya matengenezo: tafuta hewa inakoingilia

Karibuni, ssebo na nyabo, yaani mabwana na mabibi. Hii ni HiAce ya petroli, ya nozeli, si ya kabureta. Imetoka kubadilishwa gasketi ya kichwa. Sasa ikisimama kwenye jamu inatetemeka na kuzima, lakini ikishika kasi inatulia. Hiyo ni hewa inayoingia bila kupimwa. Ukikanyaga mafuta, injini inavuta hewa nyingi mpaka ile ya wizi haina uzito tena. Ikimisi hata kwenye mizunguko 2,500, anza na plagi na mafuta, si hapa.

Inua kiti, toa kifuniko. Hilo mnalijua.

Anzia ulikopita mkono wa fundi: gasketi ya manifodi (paipu la kuingiza hewa kwenye injini), bodi ya throto, mpira wa busta ya breki, mpira wa PCV (unaorudisha moshi wa oili kwenye manifodi), nozeli. Hata kijiti cha oili kisipokaa vizuri kinaweza kuingiza hewa.

Funga geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa, kwenye manifodi, washa, injini ipate moto. Na hapa wengi wanapotea! Vitabu vinasema inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini hizo ni za usawa wa bahari. Kila ukipanda mita 300, toa inchi 1. Kampala iko karibu mita 1,200, kwa hiyo 13 hadi 17 ni nzima kabisa. Kabale kumeinuka zaidi, namba itakuwa chini ya hapo. Usifumue injini nzima kwa sababu ya namba ya Mombasa.

Hii inasoma 10, sindano imetulia. Chini na imetulia: hewa inaingia, au taiming ya cheche imechelewa. Ingekuwa inarukaruka kwa mpigo, ningetazama valvu.

Bana mpira wa busta kwa koleo lililofungwa kitambaa. Injini ikibadilika, shida iko upande huo, na gari lisitoke mpaka lipone, maana breki zitakuwa ngumu. Hii haijabadilika. Achia.

Sasa dawa ya kusafishia kabureta. Kizima moto kiwe karibu, na usipulize kabisa upande wa ekzosti. Puliza kidogo, ngoja sekunde tano, sogea. Ukimwaga ovyo inasambaa, utalaumu gasketi isiyo na kosa.

Ngoja, sogeza kamera. Mnaiona klipu hii? Imekaza nyuma ya mpira, haijashika paipu hata kidogo. Irudishe mbele, kaza. Geji: 12. Bado.

Sasa puliza kwenye nozeli, moja moja. Ya tatu... injini imetulia ghafla! Hapo.

Zima, iache ipoe, toa presha ya mafuta, ndipo ufungue reli, paipu inayogawia nozeli mafuta. Pete ya mpira imekatika ukingoni kwa sababu ilisukumwa kavu. Weka mpya, ipake petroli kidogo. Usiisukume kavu. Ingiza ukizungusha taratibu, kisha kabla ya kukaza reli zungusha kila nozeli kwa vidole. Ikizunguka laini, sawa. Ikikwama, pete imejikunja, toa. Narudia, kavu hapana, na usikaze reli kabla ya kuzungusha.

Usitibu kwa silikoni: petroli inailainisha na inarudi pale pale. Mpira wa PCV ukiwa umepasuka, chukua kipande cha zamani uende nacho Kisekka, soko la spea Kampala, uombe wa kuhimili oili. Wa rejeta utavimba. Mimi napenda wenye nyuzi ndani, haulali njia ikijifunga.

Kabla ya kuwasha, fungua swichi bila kustata, tazama kama petroli inavuja kwenye reli. Kavu? Washa.

Geji: 16, sindano imetulia. Chomoa taminali hasi ya betri dakika kumi, rudisha, acha injini iende bila kuguswa mpaka ipate moto, ndipo utoke nayo.