Aliyesahau na Wanaokumbuka

Ndugu wasikilizaji, filamu mmeiona, na hapo nje nimewasikia mkibishana kama safari hii Joel na Clementine watadumu. Endeleeni tu. Mimi nataka tumtazame Mary, yule binti wa mapokezi, maana kwangu hadithi yenyewe iko kwake.

Kwa waliochelewa: Eternal Sunshine of the Spotless Mind ilitoka mwaka 2004. Aliyeiongoza ni Michel Gondry, Mfaransa. Mswada ni wa Charlie Kaufman. Clementine amechoshwa na mpenzi wake Joel, anakwenda kwenye kampuni iitwayo Lacuna na kufutiwa kila kumbukumbu ya mwanamume huyo. Joel akigundua, naye anakwenda afutiwe, kisha wanakutana tena kama wageni.

Anagunduaje? Kwa kadi. Lacuna huwatumia jamaa za mteja kadi fupi: fulani amemfuta fulani, tafadhali msimtajie tena. Joel anaonyeshwa kadi hiyo nyumbani kwa rafiki zake. Hebu fikirini: dawa anainunua mtu mmoja, lakini haifanyi kazi mpaka ndugu, majirani na marafiki wote wafunge midomo.

Halafu kuna mifuko. Joel anaambiwa akusanye kila kitu kinachomkumbusha Clementine, picha, zawadi, michoro, akilete ofisini. Anaonyeshwa kimoja kimoja, mashine ikisoma ubongo wake. Kabla ya kufuta, lazima akumbuke. Wala hilo si la kubuni tupu. Mwaka 2000, mwanasayansi Karim Nader na wenzake huko New York waliwafundisha panya kuogopa mlio kwa kuwapiga shoti ya umeme. Baadaye wakawasikilizisha mlio ule tena, wakawadunga dawa kwenye ubongo, hofu ikapotea. Panya waliodungwa bila kusikia mlio waliendelea kuogopa kama kawaida.

Sasa, mifuko ile inabaki kwa nani? Inabaki kwa kampuni. Na kijana mmoja wa mitambo, Patrick, anaiba vitu vya Joel ili amtongoze Clementine. Anampa zawadi ambayo Joel alimnunulia. Anampeleka usiku kwenye mto ulioganda, wanalala chali juu ya barafu, anamwambia maneno yaleyale ya Joel. Clementine haruki kwa furaha. Anashtuka, anataka kurudi nyumbani. Hajui kinachomsumbua ni nini. Patrick anajua.

Ndipo tufike kwa Mary. Anavutiwa na bosi wake pale Lacuna, Daktari Mierzwiak, na usiku ule, Joel akiwa amelala na waya kichwani, anambusu. Mke wa daktari anawaona dirishani. Ndipo Mary anapoambiwa: walishawahi kuwa wapenzi, na yeye mwenyewe alikwishafutiwa. Kumbukumbu imeondoka, mapenzi yamechipua upya palepale, kwa mwanamume yuleyule mwenye mke. Na siku zote hizo daktari alikuwa akimpa kazi, akimwitikia salamu asubuhi, akinyamaza. Sisi huku tunasema mtenda husahau, mtendewa hasahau. Pale Lacuna wameigeuza: mtendewa ndiye aliyesahau, na mtenda anakumbuka kila kitu, tena na faili analo kabatini.

Mimi simlaumu mtu anayetaka kusahau. Kuna maumivu ambayo nami ningelipia yaondoke. Kinachonitisha ni ile hali ya kuishi katikati ya watu wanaokufahamu kuliko unavyojifahamu, nawe unawachekea.

Mary anasikiliza kaseti yake mwenyewe, aliyorekodiwa kabla ya kufutiwa kama wateja wengine, kisha anabeba mafaili yote na kuwatumia wagonjwa kwa posta. Kaseti za Joel na Clementine, zile wanazotukanana, zinafika kwa njia hiyo.

Najua wapo watakaosema amevunja siri za wagonjwa. Lakini siri hizo daktari alizijua, vijana wa mitambo walizijua, hata jamaa wenye kadi walizijua. Asiyezijua alikuwa mgonjwa. Mimi ningezituma. Naona pale mbele mikono imeshapanda, na kwa makoti yale meupe naona ni madaktari. Karibuni.