Kisanduku cha Ndiyo na Hapana

ZUHURA: Leo katika kipindi chetu tulipanga kueleza njia tatu za kumsikiliza mtu aliyeelemewa bila kumhukumu, na tutafika huko, lakini kaka Barnaba, tangu Jumanne nimekabwa na jambo moja. Mdogo wangu, yule aliyewahi kuja hapa kutusimulia sonona yake, amepata kazi. Ukurasa wa tatu wa fomu ulikuwa na swali: "Je, umewahi kutibiwa ugonjwa wa akili?" Mbele yake palikuwa na visanduku viwili. Aliikandamiza kalamu karatasini mpaka wino ukafanya doa, kisha akatia alama kwenye Hapana.

BARNABA: Pole, dada. Hata mimi ningemshauri hivyo hivyo.

ZUHURA: Mimi sikubali. Tume ya wataalamu ya jarida la kitabibu la The Lancet ilieleza mwaka 2022 kwamba hakuna kinachopunguza unyanyapaa kama watu kukutana na wale walioishi na maradhi haya. Watakutana nao vipi, ikiwa kila mmoja amejificha nyuma ya Hapana?

BARNABA: Anayesimulia kwa hiari yake, mbele ya watu walio tayari kumsikia, hafanani na anayehojiwa na karatasi. Kisanduku kile hakina nafasi ya kuandika kwamba alitibiwa, akapata nafuu, akarudi kazini. Isitoshe, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika kifungu cha 27, unakataza ubaguzi tangu hatua ya kuajiri, na unawagusa pia wenye maradhi ya akili ya muda mrefu. Wa kujieleza ni aliyeandika swali.

ZUHURA: Basi turudi kwenye kusikiliza. Ila niambie kwanza: kwa nini fomu ile haikuuliza kuhusu kisukari wala shinikizo la damu?

BARNABA: Kwa sababu aliyeiandika, akisoma "ugonjwa wa akili", anaona kichaa. Nakumbuka niliwahi kumwambia msimamizi wangu kwamba naonana na mshauri nasaha. Hakunitukana, wala hakunifukuza. Wiki iliyofuata funguo za stoo, ambazo nilizishika kwa miaka minne, alikuwa nazo mtu mwingine, na hakuna aliyenieleza sababu.

ZUHURA: Hilo lilikuumiza, nami siwezi kulipunguza uzito. Lakini kuficha nako kunaumiza. Katika kazi yake ya awali, mdogo wangu alikuwa akimeza vidonge chooni, bila maji, ili mtu asije akamwona akienda kujaza glasi.

BARNABA: Afadhali chooni akiwa na mshahara, kuliko hadharani akiwa hana.

ZUHURA: Hapana, kaka. Hapo tutatofautiana hadi kesho.

BARNABA: Na tutofautiane, kwa maana zimebaki dakika mbili na zile njia tatu hatujaigusa hata moja.

ZUHURA: Tuziache. Anaanza Jumatatu, na kliniki yake huwa Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, saa za kazi. Ameniuliza akiomba ruhusa aseme anakwenda wapi.

BARNABA: Aseme anakwenda kwa daktari.

ZUHURA: Akiulizwa ni daktari wa nini?

BARNABA: Aseme daktari wake.

ZUHURA: Mimi nimemwambia ataje jina la ugonjwa. Bado hajanijibu.