Mvua Haisubiri Kikao cha Idara

DOTO: Mwangaluka, wapendwa. Karibuni tena kwenye podikasti yetu, sebuleni kwetu Kirumba, Mwanza. Mkisikia bodaboda zinapiga honi, msishangae. Dirisha tumeliziba kwa blanketi, lakini blanketi si ukuta. Mimi ni Doto.

KULWA: Na mimi Kulwa, dada yake kwa dakika kumi na mbili.

DOTO: Dakika ambazo umezitumia kunituma dukani miaka yote.

KULWA: Na nitaendelea. Leo tuna jambo la Doto. Doto anataka kusoma masters.

DOTO: Taratibu basi, mama hajaambiwa. Eeh, nataka. Ni mhandisi wa ujenzi, niko saiti mwaka wa tatu sasa, na dada yangu hapa ameshatoka huko na kovu analo. Kwa hiyo leo namhoji. Swali la kwanza: nimeingia kwenye tovuti ya chuo kimoja, nimekuta masters ileile ya uhandisi imeandikwa mara tatu na ada tatu. Nikadhani wamekosea.

KULWA: Hawajakosea. Kuna ya kozi na tasnifu, kuna ya utafiti mtupu, na kuna ya jioni, ambayo ni kozi nyingi na mradi mfupi mwishoni. Kwa TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, zote ni kiwango cha tisa, na masters inahesabiwa krediti 180. Krediti moja ni saa kumi za kazi. Piga hesabu.

DOTO: Saa 1,800.

KULWA: Saa 1,800 za maisha yako. Swali ni unataka kuzitumia wapi. Kwenye kozi na tasnifu, mwaka wa kwanza unakuwa mwanafunzi kabisa: kuna darasa, kuna sapu, yaani kurudia mtihani, na kudisko, kuondolewa chuo, kupo. Halafu ghafla unaachwa peke yako. Kwenye utafiti mtupu unaachwa peke yako kuanzia Jumatatu ya kwanza. Ya jioni ni ya mtu mwenye kazi anayetaka kupanda cheo, wala sioni ubaya. Ila kama moyoni una uzamivu, yaani PhD, ule mradi mfupi unaweza kukusumbua baadaye, maana watakuuliza tasnifu yako iko wapi.

DOTO: Wewe ulichukua ya kozi na tasnifu. Miaka miwili.

KULWA: Kwenye karatasi.

DOTO: Na kwenye maisha?

KULWA: Mitatu na nusu. Cheka tu.

DOTO: Sicheki. Nakumbuka ulikuwa unakula wali umefungua laptopu. Hebu waeleze watu ilikuwaje, maana hata mimi sijawahi kuelewa. Masomo yenyewe ulifaulu.

KULWA: Nilifaulu vizuri. Kilichonichelewesha ni mvua.

DOTO: Mvua ipi tena?

KULWA: Sikiliza. Tasnifu yangu ilihusu mto Mirongo. Watu wa Mwanza mnaujua, unapita katikati ya mji kwenda kumwaga ziwani. Nilitaka kupima maji yanapanda kiasi gani mvua kubwa ikinyesha, na yanabeba tope kiasi gani. Sasa mto ule siku za kiangazi unauruka kwa hatua. Ili nipate kitu cha kuandika, lazima mvua inyeshe. Na mvua zetu ni mbili, vuli Oktoba mpaka Desemba, na masika Machi mpaka Mei.

DOTO: Sawa.

KULWA: Kozi nimemaliza Julai. Agosti nikapeleka andiko la utafiti idarani. Idara yenyewe sitaitaja, sina ugomvi nayo. Kikao kikaahirishwa. Kilipokaa, wakanirudishia nirekebishe malengo. Nikarekebisha. Kikao kingine kikagongana na mitihani. Andiko likapita Januari.

DOTO: Vuli imeshaondoka.

KULWA: Yote. Na niliiona kwa macho yangu. Novemba nimesimama darajani pale, maji yanapita yamejaa chupa na matope, na mimi sina ruhusa ya kukodi hata mtu wa kushika kamba. Basi nikasema masika haitanipita. Nikamtafuta fundi, akanitengenezea ubao wa mita tatu, mweupe, namba nyekundu kila sentimita kumi. Tukaufunga kwenye nguzo ya daraja kwa bolti nne. Nikafurahi, nikapiga picha.

DOTO: Picha hiyo ilikuwa kwenye stetasi yako wiki nzima.

KULWA: Wiki moja hasa, kwa sababu Aprili ilishuka mvua moja ya usiku, asubuhi nakwenda, bolti mbili zimebaki na ubao hakuna. Nimeutafuta kando ya mto kuelekea chini, nikamkuta mama mmoja wa mihogo ya kukaanga ameukalia. Kipande cha sifuri mpaka mita moja na nusu, ameweka juu ya matofali mawili, benchi safi. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaniambia, "Mwanangu, mto umeniletea." Nikanunua mihogo ya elfu mbili ndipo akanyanyuka.

DOTO: Na ile mita na nusu nyingine?

KULWA: Muulize ziwa. Kwa hiyo nikasubiri vuli nyingine. Na ukisubiri, chuo hakisubiri na wewe, unalipa ada ya kuongeza muda. Nimelipia mwaka mzima kungoja mawingu. Msimamizi wangu ndiye aliyeniambia baadaye, akiwa anatabasamu, kwamba yeye hupanga mwanafunzi wa mambo ya maji kuanzia kwenye mvua anarudi nyuma. Unajiuliza: mvua ya kupima ni ya mwezi gani? Kabla yake vifaa viwe vimeshanunuliwa, kabla ya vifaa andiko liwe limepita, kabla ya andiko wazo liwe limezungumzwa. Ukirudi hivyo unakuta ulitakiwa uanze kuandika muhula wa kwanza, wakati wenzako wanahangaika na majaribio ya hesabu.

DOTO: Angekuambia mapema.

KULWA: Sikumuuliza mapema. Mwaka wote wa kwanza nilikuwa namsalimia tu koridoni. Na kitu kingine, wakati nasubiri ningeweza kwenda Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Victoria, hapahapa mjini, na Mamlaka ya Hali ya Hewa, nikaomba takwimu za zamani. Nilikwenda nikiwa nimeshachelewa. Wenzangu wawili walimaliza kwa wakati kwa sababu takwimu zao zilikuwa ndani ya kompyuta tangu siku ya kwanza.

DOTO: Mimi basi nilikuwa na wazo zuri tu. Daraja.

KULWA: Nilijua. Daraja.

DOTO: Kigongo–Busisi! Kilomita tatu juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025, hata makonda wa Sengerema siku hizi wanakueleza nguzo zake. Nataka kusoma jinsi linavyotikisika malori yakipita.

KULWA: Wazo tamu. Vipimo utavipata kwa nani?

DOTO: Si... naomba TANROADS, wale wa barabara.

KULWA: Omba, hawali mtu. Lakini barua ya chuo itoke, ipokelewe, ijibiwe, na wakikubali labda kipimo unachotaka wewe hakikuwekwa. Hiyo ndiyo mvua yako. Usiache kuipenda, iweke kwa ajili ya uzamivu. Sasa niambie kitu ambacho saiti kinakukera kila siku.

DOTO: Mchanga.

KULWA: Unakukera vipi?

DOTO: Mchanga wa mto tunaletewa umechanganyika na udongo. Tukivunja zile tofali za zege za majaribio, nguvu inashuka. Na bei inapanda. Wakati huo kwenye kiwanda cha kokoto kuna milima ya vumbi la mawe, wanatafuta pa kulitupa. Mwanza hii, mawe kila kona! Fundi mmoja aliniuliza kwa nini tusichanganye vumbi lile na mchanga, nusu kwa nusu. Nikamwambia sijui kama nusu ndiyo sawa.

KULWA: Umesikia ulichosema?

DOTO: Nimesema sijui.

KULWA: Umesema hujui kitu kinachopimika. Tofali za majaribio zinachukua muda gani?

DOTO: Unavunja nyingine siku ya saba, nyingine siku ya 28.

KULWA: Siku 28! Inyeshe isinyeshe. Ukiharibu mchanganyiko unarudia mwezi ujao, humsubiri Mungu afungue mbingu. Vumbi liko hapa, mashine ya kuvunjia iko maabara. Watu wengine wameshapima vumbi la mawe sehemu nyingine, sawa, lakini wewe una jiwe la Mwanza na mchanga wa mito ya huku.

DOTO: Daah. Na mimi nilishamwandikia profesa mmoja. Yaani nimeandika, sijatuma.

KULWA: Isome.

DOTO: Hewani?

KULWA: Hewani.

DOTO: Haya. "Mheshimiwa Profesa, shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya, wewe na familia yako. Mimi ni kijana mchapakazi mwenye ndoto ya muda mrefu ya kujiendeleza. Niko tayari kufanya mada yoyote utakayonipa..." Usinitazame hivyo.

KULWA: Shikamoo ibaki, ni mtu mzima yule. Familia yake iache ipumzike. Na "mada yoyote" ndiyo imekuangusha. Ukimwambia mada yoyote amesikia huna mada, na kazi ya kukutafutia amepewa yeye. Nipe simu. Mwisho wa siku utaiandika kwa Kiingereza, lakini mifupa ni hii. Sentensi ya kwanza: wewe ni nani, umehitimu nini, uko saiti wapi, miaka mingapi. Ya pili: mchanga na vumbi, kama ulivyoniambia mimi sasa hivi. Ya tatu: andiko lake moja la utafiti lililochapishwa, ulilosoma kweli, na kitu kimoja ulichokiona humo.

DOTO: Nilisome kweli?

KULWA: Atakuuliza! Ya nne, swali analoweza kujibu akiwa kwenye foleni: mwaka huu unapokea wanafunzi wa masters, na hili linaingia kwenye kazi zako? Akijibu hapana, umeokoa miaka miwili. Na kabla hujamkubali, watafute wanafunzi wake waliomaliza. Waulize kitu kimoja: ukimpelekea sura ya pili ya tasnifu, inarudi baada ya muda gani?

DOTO: Hiyo umeitoa kwenye kovu.

KULWA: Hapana, wangu alikuwa anarudisha. Nimeitoa kwenye kovu la rafiki.

DOTO: Hela sasa. Mimi bado nakatwa na Bodi ya Mikopo, asilimia 15 ya mshahara, bumu, ile hela ya mkopo ya miaka ya chuo, linanifuata.

KULWA: Hapo usikimbilie kulipa mwenyewe kabla hujauliza kama msimamizi ana mradi. Mradi wa utafiti ukiwa na fedha mara nyingi una nafasi ya mwanafunzi ndani yake. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, pale wanasomesha masters na uzamivu tu. Pia kuna Chuo Kikuu cha Pan Afrika cha Umoja wa Afrika. Kampasi ya sayansi na teknolojia iko Kenya, kwenye chuo cha JKUAT, na ya maji na nishati iko Tlemcen, Algeria. Wanatoa ufadhili.

DOTO: Na majuu? Watu wameuliza sana majuu.

KULWA: Kwa haraka. Uingereza masters nyingi ni mwaka mmoja, umebanwa. Marekani idara nyingi za uhandisi zina masters yenye tasnifu na isiyo nayo, na hela kubwa huwa kwenye uzamivu, siyo masters. Kuna idara zinazokupokea uzamivu ukiwa na shahada ya kwanza tu, watu wetu wengi hawajui hilo. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada, ila viza inataka uonyeshe euro 11,904 kwenye akaunti maalumu kwa mwaka, hicho ni kiwango cha tangu Septemba 2024.

DOTO: Euro elfu kumi na moja! Niuze nini, figo?

KULWA: Ndiyo maana kuna ufadhili. Lakini hapa nikuulize, ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, umefikia wapi?

DOTO: Niko kwenye SEAP, yale mafunzo yao ya kazini, miezi minne nimalize miaka mitatu.

KULWA: Maliza. Masters haikupi mhuri wa mhandisi aliyesajiliwa, Doto. Ukitoka na masters bila mafunzo yale bado ni mhandisi mhitimu. Halafu miaka hiyo ndiyo tiketi: Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, wanataka uzoefu wa saa 2,800, na DAAD, wafadhili wa Ujerumani, kwa zile kozi zao za maendeleo wanataka miaka miwili kazini, na shahada yako isiwe imezidi miaka sita. Kwa hiyo usikae sana pia. Kuna watu wanasema "nitaomba mwakani" mpaka shahada inachacha.

DOTO: Yangu ina miaka mitatu na kitu.

KULWA: Bado mbichi.

DOTO: Subiri, nimeandika hapa wakati unaongea. "Shikamoo Profesa. Mimi ni mhandisi mhitimu wa ujenzi, niko saiti Mwanza mwaka wa tatu. Mchanga wa mto tunaoletewa una udongo mwingi, na viwanda vya kokoto vina vumbi la granaiti lisilo na kazi. Ningependa kupima ni kiasi gani cha vumbi hilo kinaweza kuchukua nafasi ya mchanga bila zege kupoteza nguvu siku ya 28..."

KULWA: Aisee.

DOTO: Sentensi ya tatu nimeacha wazi, nitasoma andiko lake usiku huu.

KULWA: Soma matokeo, halafu soma wamesema nini hawakuweza kupima. Hapo ndipo pa kuingilia.

DOTO: Jumatatu asubuhi natuma. Wasikilizaji ni mashahidi.

KULWA: Transkripti utaambatanisha?

DOTO: Ipo.

KULWA: Ipo wapi?

DOTO: Kwa mama. Kwenye lile sanduku la bati.

KULWA: Basi itabidi umwambie kabla ya Jumatatu.