Mama Yao Yuko Wapi? Kuirudia Chitty Chitty Bang Bang Ukubwani

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mliojaa huko nyuma, habari za jioni. Asanteni kwa kuja.

Mwezi uliopita niliketi sebuleni na binti yangu, ana miaka saba, tukaiangalia Chitty Chitty Bang Bang. Mimi niliiona mara ya kwanza nikiwa na umri kama wake, kwenye mkanda wa video uliokwisha kuazimwa nyumba hadi nyumba mpaka picha zikawa zinatetemeka. Nilidhani naijua yote. Nilijua gari litaota mabawa wapi, nilijua yule mtu wa pua ndefu atatokea lini. Tulikuwa hatujafika mbali, mtoto akanigeukia: "Baba, mama yao yuko wapi?"

Miaka yote ile sikuwahi kujiuliza. Jioni hii naomba tulifuate swali lake.

Filamu hii ilitoka Desemba 1968, na imetokana na kitabu cha Ian Fleming, yuleyule aliyemwandika jasusi James Bond. Mwaka 1961 Fleming alipatwa na shtuko la moyo. Akiwa anajiuguza akaanza kuziandika hadithi za gari la maajabu alizokuwa akimsimulia mwanawe wa pekee, Caspar. Alifariki tarehe 12 Agosti 1964, siku ambayo Caspar alikuwa anatimiza miaka 12. Kitabu kilianza kutoka Oktoba mwaka huohuo, kwa hiyo mwenyewe hakukiona dukani. Mimi kila nikiifikiria tarehe ile huwa nanyamaza kidogo.

Jina hakulitunga hewani. Miaka ya 1920 Count Louis Zborowski, kijana tajiri wa Kent, Uingereza, aliunda magari ya mashindano yaliyoitwa Chitty Bang Bang. La kwanza lilikuwa na fremu ya Mercedes, akaipachika injini ya ndege ya Maybach ya lita 23, likashinda mbio za Brooklands mwaka 1921. Fleming alilichukua jina, gari lake akalipa namba GEN II, ambayo ukiisoma kwa mkupuo inakuwa "genii", neno la Kiingereza lenye maana ya majini wa hadithini. Sisi watu wa pwani tungeshaelewa mapema: gari lile lina mwenyewe ndani!

Sasa, kitabuni mama yupo. Anaitwa Mimsie. Anapanda gari pamoja na mumewe, kamanda wa zamani wa jeshi la wanamaji, na mapacha wao Jeremy na Jemima. Wanavuka bahari hadi Ufaransa, wanapambana na majambazi wanaopanga kuiba duka la chokoleti Paris. Baba anabuni peremende zinazopiga filimbi, anaziuza, anapata fedha, ananunua gari. Ni kitabu kichangamfu cha familia iliyotimia. Vulgaria, ile nchi ya kubuni ya kwenye filamu, haimo kabisa, wala mkamata watoto, yule wa pua ndefu, hayumo.

Walioandika filamu, mwongozaji Ken Hughes pamoja na Roald Dahl, walimwondoa mama na fedha kwa pamoja. Caractacus Potts wa filamu ni mjane anayeishi kwenye kinu cha upepo na watoto wawili na baba yake mzee. (Lionel Jeffries aliyecheza babu ni mdogo kuliko Dick Van Dyke aliyecheza mwanawe, kwa miezi sita hivi. Iangalieni kazi yake tena, ni ya heshima kubwa.) Peremende zilezile za filimbi zinaita mbwa wa mji mzima, wanavamia kiwanda cha peremende alikokwenda kuziuza, mauzo yanakufa. Mashine yake ya kunyoa inaunguza nywele za mteja. Na kule gereji kuna gari bovu ambalo watoto wake wanalipenda, ambalo mnunuzi wa vyuma chakavu anataka kulikata. Bei ni shilingi 30 za Kiingereza, na baba hana.

Wapenzi wa Bond huwa wanaifurahia filamu hii kwa sababu nyingine, na wana haki. Mtayarishaji ni Albert Broccoli, aliyekuwa anatengeneza filamu za Bond. Mbunifu wa mandhari ni Ken Adam wa filamu zilezile. Gert Fröbe aliyekuwa Goldfinger, adui wa Bond, ndiye Baron Bomburst, mtawala wa Vulgaria. Desmond Llewelyn, yule anayemkabidhi Bond vifaa, hapa ndiye mwenye gereji. Lakini naomba msiishie hapo kwenye kuwatambua watu.

Nirudi kwa mama. Usiku baba anakaa kando ya vitanda na kuwaimbia watoto wimbo wa kuwabembeleza walale, kazi ya ndugu wawili, Richard na Robert Sherman. Unahusu mlima wa mbali na mashua zinazongoja. Van Dyke tumezoea kumwona akiruka na kucheza, lakini pale ametulia, sauti yake iko chini, kama mtu anayejibembeleza na yeye mwenyewe. Binti yangu nilikuwa nimeshamjibu kwamba mama yao alifariki. Wimbo ulipoanza akasema polepole, "Ndiyo maana anawaimbia yeye."

Halafu angalieni filamu inaufanyia nini wimbo huo. Unarudi Vulgaria, chini ya ardhi, ambako watoto wa nchi nzima wamefichwa kwa sababu mke wa Baron hataki kumwona mtoto. Wamekonda, nguo zimechakaa. Potts anawaimbia ulewule. Wale hawana mama wala baba wa kuwaona, na mtu aliyejifunza kubembeleza kwa kufiwa ndiye anayewafikia.

Mkamata watoto naye ni wa filamu, na mimi namtetea. Robert Helpmann alikuwa mchezaji dansi wa baleti kutoka Australia, na hofu yote ameiweka miguuni. Hatembei, ananyata, kila hatua imepimwa, pua mbele inanusa. Anakuja na gari la farasi lililopambwa rangi, anawaita watoto kwa pipi na aiskrimu za bure. Wakishaingia, mapambo yanaanguka, linabaki tundu la chuma. Nilishika rimoti nikitaka kuruka sehemu ile, binti akaushika mkono wangu: "Acha, baba." Alitazama hadi mwisho huku amenibana ubavuni. Bibi zetu hawakutuondolea zimwi kwenye hadithi. Walilisimulia, ila walitupakata.

Kuna vipande vinavyonichosha. Ni filamu ya karibu saa mbili na nusu, na wimbo wa Baron akijaribu kumuua mkewe huku akimdekeza sikuupenda utotoni na siupendi leo. Lakini muda mfupi baadaye tunaingia ukumbi wa sherehe ya kuzaliwa kwa Baron. Truly Scrumptious, binti wa mwenye kile kiwanda cha peremende, anayechezwa na Sally Ann Howes, amesimama juu ya kisanduku cha muziki kama mwanasesere. Anageuka kwa vituo, mkono unapanda na kusimama, uso haubadiliki, macho hayapepesi. Kando yake Potts ni kikaragosi cha matambara, viungo vyote vimelegea. Kila mmoja ana wimbo wake, kisha nyimbo mbili zinaimbwa pamoja na kushikana kama vidole. Mmoja anampenda mwenzake waziwazi, mwingine hawezi hata kugeuza shingo kumjibu. Utotoni niliona wanasesere tu.

Jambo lingine nililolikosa utotoni ni mlango wa hadithi. Sisi tuna paukwa, pakawa. Tuna "hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea". Ukiusikia unajua umevuka. Filamu hii ina mlango wake, lakini ni mwembamba. Wako ufukweni, watoto wanataka hadithi, baba anaanza kusimulia habari za Baron, na maji yanapanda kulizunguka gari. Basi, mmeshavuka. Kuelea, kuruka, ngome, zimwi, vyote ni maneno ya baba kwa watoto wake. Niliishi miaka zaidi ya thelathini nikiamini yote yaliwatokea kweli. Nilipogundua nikamkumbuka yule mgonjwa wa 1961 na mwanawe Caspar.

Hadithi inakwisha, tunarudi ufukweni. Watoto wanataka baba na Truly waoane, lakini baba anajua yeye ni fukara na Truly ni binti wa tajiri. Peremende zinakuja kupata mnunuzi, kama chakula cha mbwa, na njia inafunguka. Wawili wanaondoka ndani ya gari, na gari linaacha barabara, linapaa.

Hapo binti yangu akainuka kwenye kochi. "Baba, si hadithi ilishakwisha? Na mbona mabawa hayapo?"

Naomba mzime taa. Nimewawekea sehemu hiyo, tuitazame pamoja.