Kikao cha pili: kazi ya utetezi wa afya ya akili kwa Wakambodia wa Long Beach

Ndugu mwenyekiti, walimu, na ninyi wanafunzi wa ustawi wa jamii, hamjambo.

Mada niliyopewa ni utetezi wa afya ya akili kwa wahamiaji wa Asia. Asia ni pana mno kwa mchana mmoja. Nitakaa mahali pamoja: Long Beach, California, kwenye mojawapo ya jamii kubwa kabisa za Wakambodia walio nje ya kwao. Wengi walifika baada ya Khmer Rouge, utawala katili wa Kambodia, kuanguka mwaka 1979, wakipitia kambi za wakimbizi za Thailand.

Mwaka 2005 jarida la kitabibu la JAMA lilichapisha utafiti uliofanywa hapo hapo. Miongo miwili baada ya kuhamia, asilimia 62 ya watu wazima waliochunguzwa walikuwa na maradhi ya kiwewe katika mwaka uliotangulia, na asilimia 51 walikuwa na sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Sasa watie Wakambodia hao kapu moja na Wajapani, Wahindi na Wachina, kapu liitwe “Waasia”, kisha toa wastani. Maumivu yote hayo yanapotea bila mtu yeyote kusema uongo. Ndiyo maana mtetezi huanzia kwenye fomu, pale mtu anapoandikwa ni wa jamii gani. California ilipitisha sheria ya AB 1726 mwaka 2016 ili takwimu za afya zitenganishwe kwa jamii. Tena upo mstari mwingine wa kuukariri: kwa huduma za akili za Medi-Cal, bima ya afya ya serikali ya California kwa wenye kipato kidogo, lugha ikifikisha watu 3,000 au asilimia 5 ya wanufaika wa kaunti, chochote kilicho kidogo, kaunti inawajibika kutoa maandishi kwa lugha hiyo. Ukienda ofisini na hoja ya huruma utapewa chai. Nenda na hesabu.

Lakini kipimo halisi cha kazi hii ni kingine. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Stanley Sue alichapisha uchambuzi wa vituo 17 vya afya ya akili vya eneo la Seattle. Zaidi ya nusu ya wateja Waasia hawakurudi baada ya kikao cha kwanza. Kwa Wazungu ilikuwa takriban asilimia 30. Kwa hiyo mtu akikuambia amefanya semina kumi za uhamasishaji, mwulize swali moja tu: wangapi walirudi mara ya pili?

Kwa nini hawarudi? Anzeni na maneno. Kwa Kikhmer, lugha ya Wakambodia, mtu mgonjwa wa akili kwa lugha ya mtaani ni chkuot, yaani kichaa. Bango likitafsiriwa ovyo, umewaita wazee wa watu vichaa kabla hawajavuka kizingiti. Wao wenyewe husema kit chraen, kuwaza sana. Sisi hapa hatuhitaji kufafanuliwa hilo. Si tunasema “yule ana mawazo”, na kila mtu anaelewa? Tena wanasema khyâl, upepo. Mtu anasimama, anapata kizunguzungu, moyo unakwenda mbio, shingo inakaza, masikio yanavuma, naye anaamini upepo unapanda mwilini na huenda ukamuua. Hofu inazidisha dalili, na dalili zinazidisha hofu. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, DSM-5 wa mwaka 2013, unautaja ugonjwa huu kwa jina lake. Tiba ya nyumbani ni kukwaruza ngozi kwa sarafu na mafuta, nayo huacha michirizi myekundu. Muuguzi asiyejua akiiona mgongoni mwa mtoto hudhani amepigwa, anaita ustawi wa watoto, na familia hiyo hamtaiona tena.

Nitakaa zaidi kwenye ukalimani, maana hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Kanuni za shirikisho zinakataza kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa katika dharura ya uhai ambapo hakuna mwingine. Hata mtu mzima wa pagoda ileile, yaani hekalu la Kibudha, ana matatizo yake: jamii ni ndogo, siri haina pa kukaa. Mara nyingine mkalimani wa simu kutoka jimbo lingine ni salama kuliko jirani. Kikao cha dakika 50 kitengee 90. Dakika kumi za mwanzo ni za mtoa huduma na mkalimani peke yao: leo kutazungumzwa nini, na kama mkalimani mwenyewe alipitia vita, nani atamshika mkono baadaye. Mkalimani aseme “mimi” pale mgonjwa anaposema “mimi”. Sentensi ziwe fupi. Mtoa huduma amtazame mgonjwa.

Dodoso la PHQ-9, la kupima sonona, lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Wengi hukodolea macho jumla na kusubiri ifike 10, alama inayochukuliwa kuashiria sonona. Kosa kubwa! Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote zaidi ya sifuri linahitaji maswali ya moja kwa moja siku hiyohiyo. Mkalimani anayelilainisha kwa adabu ameficha hatari.

Kisha dawa. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuleta nafuu, ila kizunguzungu huweza kuja siku za kwanza. Mzee aliyeogopa upepo miaka arobaini atakisoma kuwa upepo, ataacha dawa kimyakimya. Aambiwe mapema.

Njia za kuingia kazini? Mkalimani wa hospitali anahitaji angalau saa 40 za mafunzo kabla ya mtihani wa cheti cha kitaifa. Mhudumu rika aliyeonja maradhi mwenyewe, au ndani ya familia yake, anasoma saa 80 chini ya utaratibu ulioanzishwa na sheria ya California ya 2020. Mnasihi mwenye leseni ya ustawi wa jamii anahitaji shahada ya uzamili, kisha saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi. Mtetezi asiye na leseni hafanyi tiba, hata akiombwa kwa machozi. Atafanya mengine: fomu za nyumba, posho, au fomu ya N-648 ambayo daktari au mwanasaikolojia huijaza kumwombea mgonjwa msamaha wa mtihani wa uraia. Wazee wengi huja kwa ajili ya karatasi, huzuni inafuata nyuma.

Siku moja kabla ya kikao cha pili, piga simu kwa Kikhmer na uulize habari ya usafiri. Asipokuja, usiandike “amekataa huduma”. Andika sababu: basi, mjukuu wa kulea, kizunguzungu cha dawa, au mkalimani aliyekuwa shemeji yake.