Kalla na Zile Sekunde 25.7

Mabibi na mabwana, swali ni lile lile: kwa nini Waswidi walimpenda Charlotte Kalla, mwanamichezo wao wa mbio za skii kwenye theluji, kiasi kile? Wengi hujibu kwamba ni tabasamu lake, au kwamba ni binti wa kijijini, Tärendö, kaskazini kabisa mwa nchi. Siafiki hata kidogo! Jibu liko kwenye Olimpiki ya Sochi, Urusi, tarehe 15 Februari 2014, katika zamu ya mwisho ya mbio za kupokezana za wanawake.

Timu ni ya watu wanne, kila mmoja kilomita 5. Ida Ingemarsdotter na Emma Wikén walikwenda kwa mtindo wa kale, skii zikifuata mifereji iliyochongwa kwenye theluji. Anna Haag na Kalla wakaenda kwa mtindo huru, ule wa kusukuma skii kwa pembeni. Kijiti hakuna: unamgusa mwenzako mwilini ndani ya eneo la mita 30, naye anaondoka. Kalla alipoguswa, Ufini ilimzidi kwa sekunde 25.7, na Ujerumani nayo ilikuwa mbele yake.

Hapo ndipo pupa huwaua wengi. Anayefukuza akimaliza pumzi kwenye mlima wa kwanza, miguu inakuwa mizito, hahamishi tena uzito wake wote kutoka skii moja hadi nyingine. Anabaki katikati, anajivuta kwa fimbo, na kila hatua inakuwa fupi kuliko iliyotangulia. Anayejua kufukuza huiacha skii iteleze mpaka mwisho kabla ya kukanyaga nyingine, na akifika kileleni, pale mwenzake anapotamani kupumzika, anaongeza hatua tatu nne ili ateremke akiwa na kasi. Pengo huliwa hivyo, kidogo kidogo.

Najua mtaniambia: Uswidi ilishinda kwa sababu Wanorwe waliharibikiwa na skii siku ile. Ni kweli waliharibikiwa, nao walimaliza wa tano. Theluji ya Sochi ilikuwa imeloa, na theluji iliyoloa huinyonya skii. Nta inayopakwa chini ya skii peke yake haitoshi. Michirizi iliyochongwa upande wa chini lazima iwe mipana zaidi, maji yapate pa kutokea. Lakini jamani, skii mbovu za Norwe zinawahusu nini Wafini na Wajerumani, ambao skii zao ndizo zilizowafikisha mbele? Hao Kalla aliwafukuza kwa miguu yake. Aliwafikia Krista Lähteenmäki wa Ufini na Denise Herrmann wa Ujerumani karibu na uwanja, akawapita kwenye mita za mwisho. Ufini ilishindwa kwa nusu sekunde tu. Wanawake wa Uswidi hawakuwa wameshinda dhahabu hiyo tangu 1960.

Wala halikuwa jambo la bahati. Januari 2008, akiwa na miaka 20, alimpita Mfini Virpi Kuitunen kwenye mlima wa Alpe Cermis, Italia, ambako mwinuko hufika asilimia 28, akatwaa Tour de Ski, mashindano ya skii ya hatua kadhaa.

Muda unanibana, kwa hiyo mengine nayataja tu: dhahabu ya kilomita 10 Vancouver 2010, ubingwa wa dunia nyumbani, Falun, 2015, na Pyeongchang 2018, dhahabu ya kwanza kabisa ya michezo ile, Marit Bjørgen wa Norwe akiachwa kwa sekunde 7.8. Jumla ni medali 9 za Olimpiki, dhahabu 3 na fedha 6. Alistaafu 2022. Haya, maswali.